Nyumba Iliyotakaswa: Tathmini ya Darsa za Jumamosi, South C

Mjini Nairobi darsa za tafsiri ya Qurani hazitafutwi kwa tochi, kwa maana karibu kila msikiti, kuanzia Eastleigh na Pumwani hadi Kibera, una sheikh anayefunua msahafu baina ya Magharibi na Isha, na mara nyingi msikilizaji haombwi hata senti. Mfululizo ninaoutathmini hapa ni wa namna nyingine. Ulifanyika katika ukumbi wa kukodi mtaani South C, kila Jumamosi baada ya Alasiri, kwa ada ya shilingi 2,000 na nusu yake kwa wanafunzi, na ulijifunga kwenye maneno machache tu, yaani sehemu ya mwisho ya aya ya 33 ya sura Al-Ahzab, ambayo wanazuoni huiita Aya ya Tat'hiri, Aya ya Utakaso. Kwa kuwa waandaaji wametoza fedha, kazi yao inastahili kupimwa kama huduma yoyote ya kulipia. Jina lao na la mwalimu sitayataja, kwa sababu malalamiko yaliyomo humu nimekwisha kuwafikishia wenyewe na sioni haja ya kumtangaza mtu.

Hukumu yangu naitanguliza: darsa hizi zina thamani ya ada yake. Riwaya, yaani masimulizi yaliyopokewa kutoka kwa Mtume na masahaba wake, zilikuwa nyingi, lakini riwaya mtu anaweza kuzisoma nyumbani. Nilichokilipia na kukipata ni mwalimu aliyetenganisha maswali mawili ambayo katika mabishano yetu huchanganywa hadi hayajulikani mwanzo wala mwisho, nayo ni nani hasa waliokusudiwa kwa jina la watu wa nyumba, na utakaso wenyewe walioahidiwa ni wa namna gani. Watu hugombana miaka na miaka juu ya swali la kwanza bila kugundua kwamba uzito wote wa ugomvi wao umelala katika la pili.

Aya yenyewe, kwa maana ya karibu, inasema kwamba Mwenyezi Mungu anataka tu kuwaondolea uchafu, enyi watu wa nyumba, na kuwatakasa utakaso ulio kamili. Kwa wengi wetu maneno haya yamezoeleka yakiwa yamechomolewa peke yake, yakatundikwa ukutani kwa hati nzuri au kutajwa katika hotuba, na mwalimu alifanya jambo la busara alipokataa kuyaanza hapo. Alianza aya ya 28, ambapo Mtume (s.a.w.) anaamrishwa awape wake zake hiari: ama maisha ya dunia na mapambo yake, apate kuwaachia kwa wema, ama Mwenyezi Mungu na Mtume wake na nyumba ya Akhera. Kisha akapita aya ya 30, inayosema kwamba atakayefanya uchafu ulio wazi miongoni mwao ataongezewa adhabu mara mbili, na ya 31, inayosema kwamba atakayetii atapewa ujira wake mara mbili, na ya 32, inayowaambia kwamba wao si kama mwanamke mwingine yeyote iwapo watamcha Mungu. Somo la kwanza lote lilikwisha bila kulifikia neno utakaso. Jirani yangu alinung'unika kwamba amelipa ili asikilize utangulizi, ila mimi niliona kuwa hii ndiyo sehemu iliyojengwa vizuri kuliko zote, kwa sababu msikilizaji alipofika kwenye aya ya 33 alikwisha kuelewa kwamba nyumba hii, kabla ya kutajiwa heshima yake, ilitajiwa hesabu yake maradufu.

Ndipo zikaja hoja za lugha. Mwalimu aliandika ubaoni viambishi vya Kiarabu kimoja baada ya kingine, na hakuwa na njia nyingine, maana Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika viambishi vyake na mwenye kutegemea tarjuma pekee hawezi kuona kinachogombaniwa. Kuanzia aya ya 28 hadi mwanzo wa aya ya 33 wanaosemeshwa ni wanawake watupu; penye kutajwa uchafu na utakaso kiambishi kinageuka kuwa cha wanaume au cha mchanganyiko; kisha aya ya 34 inarudi kwa wanawake na kuwaambia wakumbuke yanayosomwa majumbani mwao. Tena nyumba za wake zimetajwa kwa wingi, ilhali nyumba ya utakaso imetajwa kwa umoja. Wafasiri wa Kishia wanaona hapa dalili kwamba maneno haya yanahusu watu wengine, na Tabataba'i, mwanazuoni wa Iran aliyefariki mwaka 1981, alishikilia kwamba yaliteremka peke yake katika tukio mbali na aya zinazoyazunguka. Hoja hiyo mwalimu aliieleza kikamilifu, kwa utulivu, bila kejeli ya aina ile tuliyoizoea kwenye mimbari. Baada ya hapo akafungua sura Hud, aya ya 73, ambapo malaika wanamwambia mke wa Ibrahim, aliyestaajabu kuambiwa kwamba atazaa uzeeni, kuwa rehema ya Mwenyezi Mungu na baraka zake ziko juu yenu, enyi watu wa nyumba. Anayesemeshwa ni mwanamke, aliye mke, naye anaitwa miongoni mwa watu wa nyumba kwa kiambishi kilekile kisicho cha wanawake peke yao. Al-Zamakhshari, mfasiri wa Qurani aliyefariki mwaka 1144, alisema waziwazi kwamba Aya ya Utakaso ni dalili bayana kuwa wake wa Mtume ni katika watu wa nyumba yake. Ukumbi ulitulia. Hoja mbili zilisimama zikitazamana na mwalimu hakuiangusha hata moja kwa sauti.

Somo la riwaya lilikuwa refu kuliko yote, na kwa haki. Riwaya ya kwanza ni ile iliyomo katika Sahihi ya Muslim, mkusanyo wa hadithi, kutoka kwa Bi Aisha mwenyewe, mke wa Mtume: Mtume alitoka asubuhi moja amejitanda kishamia, yaani shuka, cha manyoya meusi chenye michoro, akaja mjukuu wake Hassan akamwingiza, akaja Hussein nduguye akaingia pamoja naye, akaja binti yake Fatuma akamwingiza, akaja Ali mumewe Fatuma akamwingiza, kisha akaisoma aya hii. Mwalimu alikaa hapa kwa muda, akitaka tuone kwamba anayeisimulia fadhila hii ya watu wa kishamia ni mmoja wa wake ambao baadhi ya watu hudhani walikuwa na sababu ya kuificha. Riwaya ya pili imo katika mkusanyo wa al-Tirmidhi kutoka kwa Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa na Mtume, kwamba aya iliteremka nyumbani kwa Ummu Salama, mmoja wa wake wa Mtume, na kwamba Mtume alipowafunika Fatuma, Hassan, Hussein na Ali na kuwaombea, Ummu Salama aliuliza, "Na mimi niko pamoja nao, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu?" akajibiwa kwamba yeye yupo mahali pake na yuko katika kheri.

Jibu hilo moja limebeba karne nyingi za mjadala. Ukilisoma kwa njia moja, Ummu Salama amewekwa nje kwa upole. Ukilisoma kwa nyingine, ameambiwa kwamba hahitaji kuingizwa kwa kuwa mahali pake panajulikana tayari. Iko hata njia ya riwaya, katika mkusanyo wa hadithi uitwao Musnad ya Ahmad, inayosema kwamba aliingia ndani ya kishamia baada ya dua kwisha. Mwalimu aliongeza riwaya ya Anas, pia ya al-Tirmidhi, kwamba kwa muda wa miezi sita Mtume alikuwa akipita mlangoni kwa Fatuma anapokwenda kuswali Alfajiri, akiwaita watu wa nyumba kwenye swala na kuwasomea aya hii. Upande wa pili akamleta Ikrima, aliyekuwa mtumwa wa Ibn Abbas kisha mwanafunzi wake mkubwa, ambaye alikuwa akitangaza sokoni kwamba aya iliteremka kwa ajili ya wake wa Mtume tu. Mfasiri al-Tabari, aliyefariki mwaka 923, anazipanga kwanza riwaya za watu watano, yaani Mtume na wale wanne wa kishamia, nazo ni nyingi, ndipo akaitaja ya Ikrima. Ibn Kathir, mfasiri wa Kisunni aliyefariki mwaka 1373, anasema wake wanaingia kwa nguvu ya maandiko yenyewe, kwa kuwa wao ndio sababu ya kuteremka, lakini hakubali kwamba ni wao peke yao, kwa sababu hadithi zinapanua. Sahaba Zayd bin Arqam naye, katika Sahihi ya Muslim, amenukuliwa kwa njia mbili zisizolingana: katika moja anakubali kwamba wake ni katika watu wa nyumba, ila akasema wanaokusudiwa hasa ni wale walioharimishiwa sadaka, yaani jamaa za Ali, Aqil, Jaafar na Abbas, katika nyingine anawatoa wake kwa hoja kwamba mwanamke hukaa na mwanamume muda fulani kisha akaweza kuachwa akarudi kwao.

Ilikuwa ni Jumamosi hiyo, mwalimu akiwa katikati ya swali la Ummu Salama, ambapo spika ya upande wa wanawake ilizimika. Tulikuwa tumeketi nyuma ya pazia nene, hatumwoni mwalimu wala ubao, na tangu siku ya kwanza tulikuwa tukinakili viambishi kutoka kwenye picha za simu ambazo kijana mmoja alikuwa akitutumia. Kwamba sauti ilikatika hasa pale mwanamke wa karne ya saba alipokuwa akiuliza kama naye yumo, jambo hilo lilituchekesha sote, hata wazee wetu waliokuwa wakivuta tasbihi, na halikuwachekesha waandaaji hata kidogo tulipowaeleza. Walirekebisha spika. Ubao hawakuusogeza. Kwa ada ileile wanayolipa wanaume, huu ni upungufu mkubwa, hasa katika somo ambalo hoja yake inategemea kuona maandishi.

Sehemu iliyonifanya niwashauri watu wengine wahudhurie ni ile ya matakwa ya Mwenyezi Mungu. Aya inasema Mwenyezi Mungu anataka kuwatakasa. Je, anataka kwa namna anayotaka kitu kiwe kikawa, kama inavyosema sura Yasin kwamba amri yake ni kukiambia kitu kuwa nacho kikawa, au anataka kwa namna anayotaka waja waswali na wafunge, jambo ambalo mja anaweza kulitii au kuliasi? Ikiwa ni matakwa ya kuumba, basi utakaso umekwisha kuwa na waliotakaswa wamehifadhika na dhambi, ambayo ndiyo itikadi ya Mashia juu ya Maimamu wao pamoja na Bibi Fatuma. Ikiwa ni matakwa ya kisharia, aya inaeleza lengo la amri zilizotangulia: kaeni majumbani, simamisheni swala, toeni zaka, mtiini Mwenyezi Mungu na Mtume wake, maana kwa haya anataka kuwasafisha.

Mwalimu aliifungua sura Al-Maida, aya ya 6, ile ya udhu, na kutuonyesha kwamba humo pia Mwenyezi Mungu anawaambia waumini wote kwamba hataki kuwatia katika dhiki bali anataka kuwatakasa na kuwatimizia neema yake. Hapana anayesema kwamba kila mwenye kutawadha amehifadhika na dhambi. Kisha, kwa uadilifu, akatoa jibu la upande wa pili: katika Al-Ahzab liko neno la kufunga maana, ambalo kwa Kiswahili tungelisema kwa "tu", na liko tendo la utakaso lililotiliwa mkazo kwa kurudiwa, na ikiwa matakwa ya kisharia ni ya watu wote, basi kuifungia nyumba moja pekee kusingekuwa na faida yoyote. Ibn Taymiyya, mwanazuoni wa Kisunni, alijibu kwamba Mtume aliwaombea dua watu wa kishamia waondolewe uchafu, na haombwi kitu ambacho kimekwisha kutolewa khabari kuwa kimetukia. Mashia nao wakasema kwamba mtu huomba kudumishiwa alicho nacho, kama Mtume mwenyewe alivyokuwa akiomba kila siku aongozwe njia iliyonyooka hali yuko juu yake.

Mzee mmoja wa upande wa wanaume aliuliza swali ambalo ningependa kulisikia likiulizwa mara nyingi zaidi: "Maalim, kama mtu ametakaswa kwa kuumbwa, atasifiwa kwa lipi?" Mwalimu alimjibu kwa kumnukuu Tabataba'i, anayeieleza isma, yaani huko kuhifadhika na dhambi, kuwa ni aina ya elimu inayomzuia mwenye nayo asikosee bila kumwondolea hiari yake. Jibu hilo si jepesi na halikuwaridhisha wote, lakini lilitolewa kama wenyewe wanavyolisema. Wasikilizaji walikuwa Masunni wa Kishafii kwa wingi pamoja na Mashia wachache, na nijuavyo hakuna aliyetoka nje ya ukumbi kwa hasira, jambo ambalo kwa mada hii, katika mji huu, ni la kushukuriwa.

Baada ya kilele hicho mfululizo ulipungua nguvu. Mada ya nyumba teule kwa ujumla ilibanwa katika jioni moja, nayo ilikuwa na haki ya kupewa nafasi sawa na riwaya za kishamia. Sura Al Imran, aya ya 33, inasema kwamba Mwenyezi Mungu alimteua Adam na Nuhu na ukoo wa Ibrahim na ukoo wa Imran juu ya walimwengu, na aya chache mbele yake, ya 42, malaika wanamwambia Maryam kwamba Mwenyezi Mungu amemteua, amemtakasa na amemteua juu ya wanawake wa walimwengu. Hapo uteuzi na utakaso vimekutana katika sentensi moja, juu ya mwanamke aliyetajwa kwa jina lake, katika nyumba iliyoteuliwa. Na mara moja, katika aya ya 43, anaamrishwa kunyenyekea, kusujudu na kurukuu. Kama kuna mahali popote katika msahafu panapoweza kutoa mwanga juu ya uhusiano wa utakaso na ibada, ni hapa. Mwalimu alipapita kwa dakika chache, akitazama saa.

Vivyo hivyo alimtaja mtoto wa Nuhu kwa haraka, yule ambaye sura Hud, aya ya 46, inamwambia baba yake kwamba si katika watu wako, naye ni mtoto wa kuzaa. Alitaja pia sura Al-Baqara, aya ya 124, ambapo Ibrahim anauliza kuhusu kizazi chake na kujibiwa kwamba ahadi hii haiwafikii madhalimu. Aya hizi mbili ndizo zinazotoa mpaka wa kila nyumba teule, na zilistahili zaidi ya kunukuliwa tu. Hata salawatu tunazozisoma katika kila tahiyatu hazikuguswa ipasavyo: ile iliyozoeleka inataja aali, yaani jamaa, za Muhammad na aali za Ibrahim, na iko nyingine sahihi, kwa riwaya ya Abu Humayd al-Saidi, inayotaja wake zake na dhuria zake kwa uwazi. Mtu anayaombea makundi haya kila siku hajui kwamba mjadala wote anao mdomoni.

Kulikuwa na swali moja lililokwepwa kabisa, na hili sitalipunguzia makali. Mama mmoja, ambaye kwa lafudhi ni mtu wa Lamu, aliandika kwenye karatasi kuuliza masharifu wetu wa pwani, wanaojinasibisha na Mtume, wanaingia wapi katika aya hii, na je, sharifu anaweza kumkataa mposaji kwa sababu si wa nyumba ya Mtume. Mwalimu alisoma karatasi, akasema mambo hayo ni ya mila na wakati umekwisha. Sikubaliani naye. Katika miji ya Waswahili suala la nasaba ya Mtume limepanga ndoa, viti vya heshima na hata nani anayefundishwa nini, na mfano wa kulijadili kwa adabu upo: Habib Swaleh wa Lamu, sharifu wa ukoo wa Jamalilayli na mwasisi wa msikiti wa Riyadha, aliwafungulia elimu watu waliokuwa wakidharauliwa mjini kwa nasaba zao, na baadhi ya wakubwa hawakupendezwa. Mwalimu anayeweza kusimama kwa insafu baina ya Ibn Kathir na Tabataba'i angeweza kusimama hapo pia, na nadhani aliogopa kwamba hapo wasikilizaji wake wana jamaa.

Kijitabu cha somo kimejumuishwa katika ada. Kimetolewa kopi, kurasa za mwisho hazisomeki vizuri, na miaka ya vifo vya wanazuoni imechanganywa ya Hijria na ya Miladia bila kuonyeshwa ni ipi, hata mfasiri al-Razi, aliyefariki mwaka 606 Hijria sawa na 1210, anaonekana kumtangulia al-Tabari kwa karne tatu. Matini za Kiarabu, hata hivyo, zimetiwa irabu zote na zimehaririwa kwa uangalifu. Chai ya tangawizi na mahamri vilikuwa vya kutosha na vya moto. Maegesho ya magari hayapo, na anayekuja kwa matatu kutoka katikati ya mji ajue kwamba barabara ya Mombasa saa kumi jioni haina dhamana. Asiye na Kiarabu chochote atafuata riwaya na maswali bila taabu, ila katika masomo ya lugha atachoka.

Waliolipa wanatumiwa sauti zilizorekodiwa, ambazo ni safi kuliko tulivyosikia nyuma ya pazia, lakini maswali na majibu yameondolewa yote, kwa hiyo swali la yule mzee kuhusu sifa halimo. Mfululizo unaofuata umetangazwa kuanza baada ya Idi na utahusu sura Al Imran. Dada anayetaka kujiandikisha aulize kabla ya kutuma pesa kama ubao utawekwa mahali tunapouona. Mimi nimeuliza, nikaambiwa suala hilo linashughulikiwa.